Kijitabu cha Mchezo wa Ndege

Tuelewane mapema: Germain hakuwa mwizi. Ile kompyuta aliletewa nyumbani kwake, mtaa wa Kikula, imefungwa kwenye blanketi, na mwenyewe, rafiki yake Fidèle, siku mbili baada ya watu wa Kasai, Fidèle akiwa mmoja wao, kuambiwa waondoke Likasi warudi kwao. Kwao wapi, mtu aliyezaliwa papa hapa? Fidèle hakubishana. Alikuwa fundi wa mashine za ofisini pale kiwandani, na kompyuta yenyewe aliachiwa na bosi wake mzungu alipokimbia mwaka uliotangulia.

"Unichungie," alisema. "Kama narudia, nitaikuta. Kama sirudie, ni yako."

Kisha akaenda na mkewe Gertrude na mama yake mzee, Mama Suzanne, kulala kwenye gare pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni.

Miaka kumi na minne Germain na Fidèle walikuwa zamu moja kiwandani. Ubatizo, matanga, bia ya Jumamosi, vyote pamoja. Na gare si mbali. Lakini wiki tatu zilikatika, Germain hajatia mguu huko. Aliogopa, basi. Vijana wa mtaa walikuwa wakiangalia nani anawapelekea chakula wale watu, na ukionekana jina lako limeharibika. Albertine, mkewe, akimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Jumapili." Jumapili ikifika, akitoka misa anaketi mbele ya kompyuta.

Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja, wa kurusha ndege. Unapaa, unavuka milima, unatua. Yaani ungepaa kama ungeruhusiwa, maana kila ukiufungua, kabla injini haijawaka, yalitokea maneno ya Kifaransa: chukua kijitabu cha mchezo, ukurasa wa kumi na saba, mstari wa nne, uandike neno la pili. Kesho yake ukurasa mwingine, neno jingine. Ndivyo walioutengeneza walivyojikinga na watu wa kunakili: aliyenunua ana kijitabu, mwizi hana. Na kijitabu Fidèle alikuwa amekizoa pamoja na vyeti na kadi za ubatizo, alipomwaga droo nzima ndani ya mfuko.

Germain akabaki kubahatisha maneno ya ndege kwa Kifaransa: injini, njia ya kurukia, petroli. *Moteur. Piste. Essence.* Ukikosea mara tatu mchezo unajifunga, unaanza upya. Wiki nzima alibahatisha, mpaka siku moja akapiga meza ngumi.

"Hii kitu inaniita mwizi," alisema. "Minye, ndani ya nyumba yangu."

"Mashini iko na akili," Albertine alijibu akichambua maharagwe. "Inajua mwenye wake."

Sasa sikia alichofanya. Jumatano asubuhi ule woga wote ukamtoka. Ulioshindwa kutoka kwa ajili ya rafiki ulitoka kwa ajili ya kijitabu. Aliposema anakwenda gare, Albertine alifurahi, maskini, akamfungia unga, samaki wakavu na chumvi, akamwomba angoje kidogo akaange na karanga za kuwapelekea. Hakungoja.

Gare ilikuwa imejaa mpaka kwenye reli. Watu walipikia pale, waliogea pale, na kwa harufu tu ulijua kwamba wengine walikufia pale. Fidèle alimwona kwanza. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, lakini alisimama akafuta sanduku kwa mkono ili mgeni aketi.

"Nilikuambia," alimwambia Gertrude. "Bote walisema hatakuya. Minye nilisema, Germain atakuya."

Germain akatoa unga na samaki. Gertrude alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hapo angeweza kunyamaza, akapiga soga, akaaga na heshima yake nzima. Alijua hivyo. Karatasi aliyoandikia namba za kurasa ilikuwa mfukoni, na ulimi ukamponyoka.

"Fidèle, ile mashini... ule muchezo unakatala. Unaomba buku yake."

Fidèle akamgeukia mkewe akamwambia afungue mfuko wa makaratasi.

Mfuko huo ndio uliokuwa mto wa Mama Suzanne. Mzee alikuwa amelala, anahema kwa shida, midomo imepasuka. Fidèle na Germain wakamwinua kichwa, mmoja huku, mwingine huku, na Gertrude akapekua kati ya vyeti mpaka akakipata kijitabu. Germain alitaka kusema acheni, basi, mwacheni mama alale. Badala yake alinyoosha mkono akapokea.

"Njo ile ulikuya kufwata?" Gertrude aliuliza taratibu.

"Hapana, nilikuya kubasalimia."

"Umuache," Fidèle alisema. "Amekuya."

Germain alirudi nyumbani kwa njia za nyuma, kijitabu amekificha ndani ya shati. Albertine alikuwa akimngoja mlangoni. Treni ni siku gani? Wanakula nini? Na Mama Suzanne, kile kifua kimepona? Germain hakuwa ameuliza hata moja kati ya hayo. Wakati akihangaika kutafuta uongo wa kumpa, kijitabu kikachomoza kwenye shati, na Albertine akakiona. Hakugomba. Alijifunga kitenge, akachukua zile karanga, akaondoka mwenyewe.

Alirudi jua likielekea kuzama. Treni ilikuwa imefika mchana, bila taarifa. Aliwakuta wakimpitisha Mama Suzanne dirishani, na karanga aliwahi kuwatupia tu.

"Fidèle aliniuliza kitu moja," alisema, bila kumtazama mumewe. "Treni ilikuwa imeanza kutembea. Aliniuliza kama ndege iliruka."

Germain aliinamisha kichwa. Ilikuwa imeruka mara tatu, na mara ya tatu aliitua vizuri kabisa.