Saa Iliyopumzika

Walimwita Injini, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Injini haipumziki, alizoea kusema. Haya, ndiyo hiyo ikapata ufa kwenye mfupa wa muundi, miezi miwili kabla ya marathoni ya kuchagua timu ya taifa.

Mtaalamu wa viungo wa klabu, mzee mpole mwenye vidole vigumu, hakumung'unya maneno. "Wiki sita, mwanangu. Kutembea tu. Ukikimbia utavunjika, na mimi si seremala."

Kocha akaongeza lake. "Saa hii ya kuhesabu hatua isitoke mkononi. Kila hatua naiona kwenye simu yangu. Ukikimbia hata mita mia, nafasi yako nampa mwingine."

Nafasi yenyewe aliililia miaka saba! Siku tatu akavumilia. Ya nne akamvika saa ile mdogo wake, fundi cherehani aliyekwenda kazini na kurudi kwa miguu.

"Dada, mzee alisema..."

"Wewe tembea tu. Mwili ni wangu au wako?"

Mdogo mtu akatembea. Dada mtu akakimbia kila asubuhi nyuma ya maghala, ameuma meno, akijiambia kuwa maumivu ni uvivu unaotoka. Uvivu, jamani! Mfupa unalia, yeye anauita uvivu.

Wiki ya sita kocha akawakusanya wanariadha, akainua simu. "Mwoneni mwenye nidhamu. Hajakimbia hata mara moja!" Wakampigia makofi. Akatabasamu, mguu unafukuta ndani ya soksi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia kilomita ya kumi na nane ya marathoni, mbele za watu, na waliokuwa kando ya barabara walisikia mfupa ukilia kwaa.

Kocha alikuja hospitalini amefura. "Mzee yule amekuharibu! Alihesabu wiki vibaya. Uongozi umeshamfukuza. Wewe ulitii, kwa hiyo nafasi yako ya mwakani naitunza."

Injini alijua ukweli. Neno moja tu lingemrudisha mzee kazini, na kumtoa yeye kwenye timu moja kwa moja. Akasema, "Asante, kocha."

Siku ya tatu mzee akaja mwenyewe, bila koti lake jeupe, ameshika karatasi za takwimu za ile saa. Mdogo mtu alikuwa anapanga nguo kabatini. Mikono ikamsimama.

"Silali, mwanangu, natafuta nilipokosea. Hatua ziko sawa. Mapigo ya moyo tu yalikuwa juu kwa mtu wa mazoezi kama wewe, nikasema labda ni wasiwasi. Nisaidie. Ulisikia maumivu yoyote zile wiki sita?"

"Sikusikia," akajibu Injini.

Mzee akakunja karatasi. "Basi kosa ni langu. Wengi hunidanganya, lakini wewe hukunidanganya." Akamgusa vidole vya mguu uliofungwa plasta kuona kama vina joto, akamwagiza mdogo mtu amwekee mto, akaaga.

Mdogo mtu hakuleta mto. Alichukua saa kabatini, akamtazama dada yake.

"Usithubutu," Injini akanong'ona. "Nafasi yangu!"

"Nimetembea badala yako wiki sita, dada. Inatosha."

Akatoka mbio kumfuata mzee. Injini akamwita, akamwita tena, akasikia viatu vyake vikiishia ukumbini. Mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, na hakuweza hata kushuka kitandani.