Rangi Mbili Kwenye Rejeta

Mpaka rangi alijaliwa mke mwema, kazi isiyokatika, na mama mkwe. Mawili ya kwanza hayakuwahi kumpa shida.

Baba mkwe alipofariki alimwachia yeye gari lake kuukuu, akawaruka wanawe wawili wa kuzaa. Tangu hapo mama mkwe alikuwa akimtazama kama mtu aliyeokota pochi msibani. Wiki hii akatoa hukumu: "Fundi, Jumamosi nipeleke kwa dada yangu. Tukifika salama, gari ni lako, sitasema tena. Likituharibikia njiani, nawapa wanangu."

Na mpaka rangi alilipenda gari lile. Marehemu ndiye aliyemfundisha kuliendesha, amekaa pembeni, hapandishi sauti hata mkwewe alipong'oa geti. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfundisha kitu kwa upole namna ile.

Ijumaa akafungua boneti, akakuta kulanti, ile dawa ya kupoza injini, imepungua nusu. Mbio mpaka duka la vipuri.

"Gari lako linatumia ipi?" muuzaji akauliza. "Ya kijani au nyekundu?"

"Kwani si zote kulanti?"

"Wapi! Gari la zamani usilibahatishie. Muulize aliyekuwa akilitunza. Kuuliza si ujinga."

Aliyelitunza yuko kaburini, na wa kuulizwa aliyebaki ni mama mkwe. Heri ameze brashi! Iliyokuwemo aliiona mwenyewe, ni kijani, lakini nyekundu ilikuwa na chupa ya kuvutia, naye alilitakia gari kilicho bora. Kuhusu kuchanganya, jamani, nani wa kumfundisha yeye kuchanganya rangi? Nyekundu na kijani zikikutana hutoa kahawia, na kwa kahawia ameshapaka nusu ya milango ya mji. Akamimina. Ikatoka kahawia, tena safi kabisa. Akafunga boneti huku akipiga mluzi.

Jumamosi mama mkwe akakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda, na mvuke ukatoka mbele. Wakaegesha kando, wakangoja injini ipoe. Mama mkwe akashuka na mkoba wake, akasimama nyuma ya mkwewe. Hatimaye mpaka rangi akafungua kifuniko cha rejeta. Ndani mlikuwa mmeganda kitu kizito cha kahawia, kama gundi ya mbao iliyosahauliwa juani.

"Nini hicho, Fundi?"

Angeweza kusema ni mlima, au ni uzee wa gari. Visingizio vilimjia vyote kwa pamoja, vikikanyagana. Akavimeza.

"Ni mimi, Mama. Nilichanganya kulanti mbili. Niliona aibu kukuuliza."

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kijitabu chenye madoa ya oili. "Cha marehemu. Kila alilolifanyia gari aliliandika humu. Macho yangu hayauwezi tena mwandiko wake, na wanangu kila siku wana haraka. Nimekibeba tangu msiba, nangoja mwenye gari aniulize. Haya, soma hapo pa kulanti."

Akapekua, akapaona. "'Kijani peke yake. Leo nilichanganya na nyekundu, ikaganda...'" Akataka kukifunga kijitabu.

"Endelea."

"Mama, hapa pana..."

"Soma!"

"'...tukaikosa harusi ya shemeji. Nimemwambia mama watoto ni jua kali. Asijue kamwe.'"

Mama mkwe akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaushika mlango asianguke. "Miaka kumi na tisa! Nimelilaani jua miaka kumi na tisa!" Machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwona akicheka.

Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Yeye alishindwa kuniambia. Wewe umeweza."

Akafungua mlango wa mbele, akaketi mahali alipozoea kukaa wakati wa mumewe.

"Nenda katafute maji ya kusafishia hilo rejeta, mwanangu, na kulanti ya kijani. Dada yangu akiuliza tumechelewea wapi, tutamwambia ni jua kali."