Marehemu wa Zizi la Bare

"Amino Salat," karani akasoma bila kuinua uso. "Ngamia jike mmoja. Alikufa zizini kwa ugonjwa. Anayefuata."

Amino hakusogea. Miezi miwili nyuma waasi wa shifta walipiga lori la serikali risasi, na askari wakazoa mifugo ya kijiji kizima. Wenyewe walilalamika mpaka ofisa akatumwa kutoka Nairobi kuchunguza, naye akawekewa meza wapi? Barazani kwa Bare, aliyepewa kazi ya kuitunza mifugo hiyo. Kabla ya vita Bare aliuza chai ya birika hapa Garissa. Sasa ana malori mawili na analisha kambi ya askari nyama. Vita vilimnyookea.

Nyuma ya nyumba ngamia akalia.

Sauti ile Amino aliijua kama anavyojua kilio cha wanawe watatu, waliokuwa wakiishi kwa maziwa ya ngamia huyo tu. Alivuta pumzi, akaita kwa mwito wa kukamulia: "Barwako! Barwako, hoo!"

Ua wa miiba ukapasuka. Barwako akatoka mbio, tawi likining'inia shingoni, akaja kumnusa Amino kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Hii ndio maiti?" Amino aliuliza kwa Kiswahili, ili ofisa asikie.

"Walaal, dada yangu, ngamia zinafanana," Bare alisema, akitabasamu.

Amino akaazima bakuli la mti, akakamua mpaka povu likapanda, akaliweka juu ya daftari. "Kunywa, bwana mkubwa. Maziwa ya marehemu."

Ofisa akacheka, akanywa yote, akafuta mdomo. Kisha akamgeukia karani. "Daftari linasemaje?"

"Amekufa, bwana."

"Basi amekufa." Akagonga mhuri.

Hasira ilimpanda Amino, na papo hapo akaona njia. Akashika kamba ya Barwako.

"Sawa. Kama imekufa, mimi nabeleka kuzika."

"Mkamate!" Bare akamwambia askari wa mlangoni. "Mwizi huyo!"

Askari akakuna shingo. "Kaiba nini, mzee?"

"Ngamia!"

"Ngamia yupi?"

Bare akautazama mhuri ambao wino wake haujakauka. Amino alikuwa ameshavuka barabara. Nyuma yake, mwanakijiji mwenzake Qali, aliyesomewa vifo vya ngamia wanne asubuhi hiyo, alikuwa amesimama mbele ya tundu la ua, akiita majina yao.