Mwasumini wa Uani

"Niachie tawi moja basi, mama. Moja tu."

"Nimekwambia nayataka yote," akasema, na sauti ishapanda mpaka jirani wa ghorofani akavuta dirisha lake. Mkono wenyewe haukusimama. Agombana huku achuma, na sinia lishakuwa jeupe kwa matumba ya asumini.

Tulikuwa hivyo tangu alasiri. Mimi nimesema ana haraka, yeye kasema mimi ni mvivu, ati kijana mzima kutwa kutazama wadudu. Na saa yenyewe ndiyo hiyo. Asumini huchumwa alasiri, bado tumba, yaje yafunguke usiku kwenye nywele au kwenye kikuba, kile kishada cha kubandika kifuani. Ukingoja asubuhi yashakuwa ya bure. Bure kwa wanawake, lakini. Kwa vipepeo asubuhi ndiyo yenyewe.

Mimi hayo nimeyajua baba alipokufa. Mama akakaa eda, na mwanamke wa eda havai asumini wala hajitii manukato, basi mti haukuguswa na mtu. Ukajaa maua mpaka ukutani. Asubuhi vipepeo wakaja, weupe, na wale weusi wenye mabaka ya manjano, sijui wakipitia wapi, maana uani kwetu Kibokoni ni kuta tupu na kipande cha mbingu. Nikaenda Kizingo kwa Katana, mtunza bustani za Wazungu, nikamwomba vipandikizi vya maua wanayoyapenda vipepeo. Alicheka, lakini alinikatia. Nimevipanda kwenye madebe ya mafuta ya taa. Vimeshika, ila havijatoa ua hata moja.

Kazi sina. Nilomaliza nao shule wengine wako bandarini, wengine wamekwenda Nairobi. Nikikutana nao huniuliza "bado?", kisha huangalia saa. Nikirudi nakaa uani. Kipepeo hakuulizi kitu. Ukitulia atatua hata kwenye goti lako.

Sasa eda imekwisha, na leo baada ya Isha mama aolewa na Bwana Kamaludin wa Makupa. Mtu mzuri, simsemi. Wametaka niende nikakae nao, chumba kipo. Nimekataa. Kwa hivyo kesho ndiyo asubuhi ya kwanza nitakayoamka nyumba hii peke yangu, na nilitaka angalau vipepeo waje.

"Huu mti aliupanda baba," nikamwambia.

Hapo akasimama. "Babako aliupanda nivae," akasema, polepole sasa. "Hakuwapandia vipepeo."

"Mbona walikuja alipokufa?"

"Walikuja mimi nilipofungiwa, mwanangu. Wewe ulikuwa hapa nje na wageni wako. Mimi nilikuwa dirishani pale, nanusa maua yangu mwenyewe nisoweza kuyagusa. Nakuona kisogo. Kila siku kisogo."

Nikalitazama lile dirisha. Liko karibu mno. Hata kama angenong'ona ningemsikia.

Mama akarudi kuchuma. Akamaliza ya chini, akamaliza ya kati, kisha akainua mkono na vidole vikaishia hewani. Lilibaki tawi moja juu, lililokwenda kuegemea ukuta, limejaa matumba. Akajaribu kwa ncha za vidole vya miguu. Akashuka. Akajifuta mikono kwenye leso, akaliokota sinia.

"Haya," akasema. "Umelipata tawi lako."

Hakunitazama. Mimi ni mrefu, nimechukua kwa baba, na yeye ndiye aliyekuwa akimchumia mama lile la juu.

Nikalivuta tawi. Nikachuma moja moja, nisiyavunje, mpaka likabaki majani. Nikayamimina kwenye sinia pamoja na mengine. Mama akayatandaza kwa kiganja yasilaliane, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mpelekee Bi Mwanakuu ayatunge," akasema. "Mwambie vikuba viwe tayari kabla ya Magharibi. Na huko Makupa?"

"Siji, mama."

"Haya."

Nikalichukua sinia kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi, kama sikubeba kitu, na harufu ilikuwa ishaanza. Mlango ulikuwa wazi, ila sikuwa na mkono wa kushika komeo. Nikatoka nje, nikauvuta mlango kwa mguu, ukajifunga.