Gurudumu la Upande Wangu

Hendibreki ya gari la baba ilikuwa jiwe. Lilikaa sakafuni mbele ya kiti cha abiria, na aliyeketi hapo alijua kazi yake: gari likipunguza mwendo unafungua mlango, likisimama unaruka na jiwe lako na kulitia nyuma ya tairi kabla baba hajaondoa mguu kwenye breki. Mimi nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka tisa. Wageni tuliwapakia nyuma.

Jumapili moja mama alikaa mbele, kavaa nguo yake nzuri, akakataa kushika jiwe. Gari likarudi nyuma taratibu, bila kelele, likabomoa uzio wa jirani na kusimama juu ya beseni lake la nguo.

Mama hakugombana. Alisema tu, "Jumamosi saa kumi nitakaa ndani ya hilo gari, pale kwenye mteremko wa geti. Injini imezimwa, jiwe halipo, na nitakunywa chai kikombe kizima. Likisogea hata kidole kimoja, linaenda kwa mtu wa chuma chakavu."

"Mama watoto, hili gari nililipata kabla yako."

"Ndiyo maana lina kutu kunishinda."

Baba aliendesha malori ya watu miaka thelathini. Gari hilo la porini, mlango mmoja kijani na mwingine mweupe, ndilo pekee alilowahi kuendesha likiwa lake. Wiki ile hakula vizuri.

Hendibreki yake haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya giaboksi, inayobana propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Mkono wa baba haukupita pale, wangu ulipita. Basi mimi nililala chini ya gari, yeye akachuchumaa nje na kutoa amri. Tulikuta viatu vya breki vimelowa oili kama utambi wa taa. Tukabadilisha sili iliyokuwa inavujisha, tukaosha dramu, tukafunga viatu vipya na springi mpya.

"Umekaza?"

"Mmh."

"Mmh ya ndiyo au mmh ya hapana?"

"Mmh."

"Mama yako alikuzaa bila spika."

Jumamosi mtu wa chuma chakavu alifika saa nzima kabla ya wakati, na kamba yake begani. Akageuza ndoo akaikalia, akawa anagonga bodi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Nzito hii, mzee. Safi kabisa."

Baba akaona heri tujaribu kwanza wenyewe. Tulipiga jeki, tukaweka magogo chini ya ekseli, magurudumu yote mawili ya nyuma yakawa hewani. Akavuta hendibreki mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaenda kwenye gurudumu la kulia, mimi akanituma kushoto. Akasukuma.

Gurudumu likazunguka kama pia.

"Linazunguka," alisema mtu wa chuma.

"Naona."

"Na hendibreki umevuta?"

"Si umeniona nikivuta!"

Akarudi, akavuta tena kwa mikono miwili. Akasukuma. Likazunguka. Baba akavua kofia, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Basi," alisema. "Funga kamba yako."

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Gurudumu lake lilipokwenda mbele, langu lilirudi nyuma. Nikainama, nikachungulia chini: propela imetulia tuli. Breki ilikuwa imebana vizuri, ila magurudumu yalikuwa yanazungushana yenyewe kwa yenyewe kupitia gia za katikati ya ekseli, kwa kuwa yote yalikuwa hewani. Baba alizoea malori yanayobana kwenye kila gurudumu. Kwake yeye, gurudumu likizunguka, breki hakuna.

"Baba," nilisema. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

"Baba, propela..."

Mtu wa chuma alikuwa anafungua kamba. Mama akatoka na kikombe chake, akamwona baba pale chini, na hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikalikumbatia gurudumu langu kwa nguvu zote lisizunguke. Baba akainuka, akalipiga lake teke la kuagana. Halikusogea.

"Eh?" Akasukuma. "Imekamata!"

Nikafurahi, nikaachia ili nikamweleze. Akasukuma tena.

"Imeachia!"

Nikarudi mbio, nikakumbatia.

"Imekamata!"

"Mzee," alisema mtu wa chuma, akirudi nyuma hatua mbili, "hili gari lina pepo. Mimi napima vyuma tu."

Sijui sauti ilitoka wapi. "Baba! Hendibreki iko kwenye propela! Propela imesimama! Hebu shusha gari chini!"

Jirani alichungulia kwenye pengo la uzio wake kuona nani anapigwa.

Baba akalala chini, akatazama, akaniambia nizungushe. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Miaka thelathini," tulimsikia akiiambia ekseli.

Tulishusha gari. Baba akalipeleka kwenye mteremko, akavuta hendibreki, akazima, akaondoa mguu polepole kama anayetoka chumba alicholala mtoto mchanga. Mama akapanda. Alikunywa kwa mafunda madogo ya makusudi, na mtu wa chuma kalala kifudifudi, jicho kwenye tairi. Chai ikaisha. Gari halikusogea.

"Niletee kikombe cha pili," alisema mama. "Huku kuna upepo mzuri."

Mtu wa chuma akakunja kamba, akaaga. Baba akaja kukaa karibu nami ukingoni mwa barabara.

"Na klachi," aliuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "wewe unaionaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya usukani, na rejeta, na fremu iliyopasuka chini ya kiti chake, na ule mlango wa kijani ulioshikiliwa na rangi tu. Mambo ya wiki nzima.

"Basi, basi," baba alisema, "punguza sauti."

Alikuwa anamtazama mtu wa chuma, ambaye alikuwa ameshafika kwenye kona, na sasa alikuwa amesimama.