Mti Utakauka Wapi

Ko. Kimya. Ko, ko. Kimya kirefu zaidi.

Muthama aliusikia mlio huo akiwa bado ndani ya blanketi, na bila kufungua macho alijua kuwa mkewe ameshaamka, yuko nyuma ya jikoni anagonga magogo. Ndivyo Mumbua alivyoianza kila siku. Anagonga gogo kwa fundo la kidole, anainamisha sikio, anasogea kwa lingine. Gogo bichi hujibu kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Gogo lililokauka huita kama kengele. Alifundishwa na baba yake, marehemu Kyule, aliyechonga vinyago hapo Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, hadi macho yakamwishia. Magogo yenyewe Mumbua aliyapaka samadi kwenye ncha zote mbili, akayafukia katika vumbi la mbao, akayaacha miezi minane, mengine mwaka. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kabla yeye hajasema.

Asubuhi hiyo mlio ule ulimkera Muthama. Ilikuwa Alhamisi, na kufikia kesho alitakiwa kuwajibu watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Mzee Gichuru wa Karen, ule mtaa wa zamani wa Nairobi, wenye nyumba za mawe zilizojengwa na walowezi, mabomba ya moshi juu ya paa na miti iliyopandwa kabla babu zetu hawajaoa. Mzee huyo alikuwa ameigeuza nyumba moja ya namna hiyo kuwa mahali pa wageni kutazama kazi za mikono, akataka mchongaji wa kukaa hapohapo. Wa pili alikuwa Nthiwa, Mkamba mwenzake, mwenye kibanda cha vinyago langoni pa hoteli moja Watamu, mji unaoishi kwa watalii na bahari. Nthiwa alitaka mshirika.

Muthama alikuwa amezuru kote kuwili. Kote kuwili alibeba ndege mmoja wa aina ileile, hondohondo wa mti wa mwembe, mdomo mkubwa na shingo iliyopinda. Na kote walisema maneno yaleyale: kijana, una mkono. Alirudi nyumbani akiutazama mkono huo kama kitu kipya.

Mumbua aliingia na birika la chai, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Baba Katunge, umeamua?"

"Naamua."

"Tangu Jumapili unaamua. Mchungaji alianza kuombea mvua siku hiyohiyo, na mvua imeshanyesha."

"Mambo makubwa hayaendi mbio."

"Ii, nimesikia. Haya niambie basi, huko kukoje?"

Muthama akaanza, na alipoanza akapamba moto. Alieleza baridi ya Karen asubuhi, nyasi zilizokatwa kama nywele za askari, wageni wanaoshika kinyago kwa mikono miwili. Akahamia Watamu: mchanga mweupe hadi unaumiza macho, Waitaliano wananunua twiga kama watu wanaonunua ndizi. Alisema kwa dakika kumi. Mumbua alimsikiliza huku akimlisha mtoto wao Katunge uji.

"Na mti utakauka wapi?" akauliza.

"Mti ni mti. Hukauka popote."

Mumbua alimtazama, akafuta mdomo wa mtoto. Muthama alijua maana ya jicho lile. Alikuwa na kisa kimoja ambacho hakumwambia.

Wiki tatu nyuma, alipokuwa Karen, mjakaranda ulikuwa umeanguka uani kwa Mzee Gichuru. Mzee akamwambia, hebu tuone. Muthama angeweza kusema mti huu ni mbichi, nitarudi baada ya mwaka. Lakini damu ilimchemka. Alitaka kuonyesha kuwa hahitaji mtu. Alichukua tezo, akachonga hondohondo wa pili kwa siku mbili pale barazani, akampiga msasa mwenyewe, akampaka nta, akapigiwa makofi, akawaacha ndege wote wawili hapo.

Simu ililia juu ya meza kabla chai haijapoa. Alikuwa Mzee Gichuru, na sauti yake ilijaa chumba kizima, maana simu ya Muthama ilikuwa imeharibika na haikujua kunong'ona.

"Kijana, ndege wako amepasuka."

"Amepasuka?"

"Kutoka utosini hadi kifuani! Usiku amelia kama bunduki, mbwa wote wa mtaa wakabweka. Mke wangu alidhani tumevamiwa."

Mumbua aliweka kijiko chini.

"Mzee," Muthama akasema, "huo mti wako ulikuwa na kasoro."

"Labda. Na yule wa kwanza, wa mwembe? Nimemweka karibu na moto makusudi, nimjaribu. Hana ufa hata wa unywele. Huyo ulimfanyaje?"

Jibu lilikuwa limekaa mbele yake, limempakata mtoto. Muthama alihisi kazi ya Karen ikimponyoka kama samaki. Angeweza kusema ni siri ya ukoo. Angeweza kusema ni aina ya mti tu, na mzee angeamini, kwa kuwa mzee alipenda kuamini. Lakini Mumbua hakuwa amekasirika. Alikuwa akingoja tu, kama anavyongoja gogo lijibu.

"Sikumfanya mimi," akasema. "Namaanisha, nilimchonga. Lakini mti aliukausha mke wangu, na msasa ni wake. Mimi hata sijui kutambua kama gogo liko tayari."

Upande wa pili mzee akaguna.

"Kumbe nilikuwa naajiri nusu ya fundi," akasema. "Yuko hapo? Mpe simu."

Mumbua aliichukua kwa ncha za vidole. Baada ya salamu alimhoji mzee kama karani wa sensa. Kuna chumba kisichofikiwa na jua? Kuna stoo ya mawe, mzee akajibu, mlowezi alikuwa akiweka matandiko ya farasi. Paa linavuja? Halivuji. Na vyumba vya kulala ni vingapi, maana mume wangu aliniambia kimoja? Mzee akakohoa. Vinaweza kuwa viwili. Haya, akasema Mumbua, utajibiwa kesho.

Alipokata simu, Muthama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ungechagua wapi?" akamuuliza. Lilikuwa swali jepesi, na ndipo alipogundua kuwa hajawahi kuliuliza.

"Watamu," Mumbua akajibu papo hapo. "Wayua dada yangu yuko huko, anafua shuka za hoteli. Miaka minne hatujaonana. Nilidhani utaniuliza siku ile uliporudi."

"Basi twende Watamu! Nampigia Nthiwa sasa hivi."

"Tulia, wewe. Ulipotoka huko, shati lako lilikuwaje?"

"Lilikuwa bichi siku zote."

"Na mti ni hivyohivyo. Hewa ile inaunywesha kila siku. Mgeni akimpeleka ndege kwao, nyumba kavu, anapasuka kama huyo wako. Nthiwa hajali, mgeni hatarudi kutoka Ulaya kumlaumu. Mimi najali." Alimshusha mtoto. "Ni Karen. Usinifanye niseme mara mbili, inaniuma."

Muthama alitamani kumpa kitu, haraka, kikubwa. "Desemba nitakupeleka baharini, wiki mbili nzima—"

"Aiya! Ahadi za bahari ni za wachumba. Mimi nimeshaolewa."

"Basi nikuahidi nini?"

"Hilo ulijue mwenyewe."

Alifikiri. Nje ukungu wa Mbooni ulikuwa umeanza kuachia matuta ya mahindi, moja baada ya jingine. Alisimama, akamkabili mkewe, akamwita kwa jina lake mwenyewe.

"Mumbua. Mgeni wa kwanza Karen akishika ndege na kuuliza nani amemfanya, mimi nitafunga mdomo wangu huu. Utajibu wewe. Na wa pili vilevile, na wa mia. Nakuahidi."