Fulana ya Njano

"Hivi huyo binti yako ameajiriwa na kampuni ya kompyuta au na kiwanda cha fulana?"

Ndivyo alivyouliza jirani, mshona nguo wa mlango wa pili, siku moja alipokuta kamba nzima imejaa fulana za bluu. Mjane akacheka hadi kibanio kikamdondoka mdomoni.

Lakini jirani hakukosea sana. Mwaka ule kampuni ya binti, kubwa, yenye ghorofa na lifti, ilikuwa haipigi hatua bila kugawa fulana. Ile programu yao ya simu, inayompangia mgonjwa zamu ya daktari asishinde kwenye benchi, ilipoanza kazi: fulana. Ilipofikisha watumiaji milioni: fulana. Walipohamia jengo jipya wakatoa mbilimbili, moja ya mfanyakazi na moja ya mzazi. Mjane aliivaa ya kwake akidekia, na kila akiinama aliiombea kampuni heri, maana binti yule ndiye kitinda mimba wake, na ndiye pekee aliyebaki naye ndani tangu baba yao alipofariki.

Na kumbe fulana zile zilikuwa zinasema.

"Kwetu mtu hanyooshi mkono, mama," binti alimweleza wakila. "Mkubwa wetu anapenda picha, kwa hiyo unakuja umevaa jibu lako. Sasa tunafungua ofisi nje ya nchi. Waliochaguliwa wamepewa za njano. Ukikubali kwenda, unaivaa siku ya picha. Ukikataa, unavaa bluu yako ya kila siku."

"Na wewe?"

"Mimi wala simo. Niongeze mchuzi."

Mjane akamwongeza mchuzi, akamtazama anavyotafuna bila kumeza.

Siku ya kufua, akitafuta soksi kwenye mkoba wa binti, akaikuta chini kabisa, imesokomezwa ndani ya kiatu: fulana ya njano, haijavaliwa hata mara moja.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Moyo ulimwambia airudishe kiatuni, anyamaze kimya. Nani atagombana naye juu ya chumvi? Nani atamwitikia akiita bila sababu? Kisha akasali, sala fupi tu: "Mungu wangu, nisije nikawa kufuli la mwanangu."

"Si umwambie aende?" mshona nguo alisema aliposikia.

"Nikimwambia atasema hapana, na mimi nitafurahi. Hapo tumekwisha wote wawili."

Asubuhi ya picha binti alitoka kuoga, akafungua kabati, akakuta limebaki na kanga na sweta tu.

"Mama, fulana zangu za bluu ziko wapi?"

"Nimeloweka."

"Zote?"

"Zilikuwa na jasho."

"Umezifua juzi, mama."

"Mikono hii imezeeka, siku hizi haitakatishi mara moja."

Juu ya kiti palikuwa na ile ya njano, imepigwa pasi mpaka mikono yake imesimama. Binti akaiona. Akakaa kitandani na taulo lake, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Utakula na nani?"

"Na mshona nguo. Huyo anakula kwangu miaka yote, hujamwona? Wewe ukiondoka ndiyo atashiba."

 Binti akamtazama mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni, na macho yakatulia kifuani, kwenye fulana ya jengo jipya, iliyopauka kwa kudekia.

"Na hiyo uliyovaa? Si ya bluu? Nivulie."

"Hii ni ya anayebaki," mjane alisema.

Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Binti akainama kidogo. Kisha akainuka, akaichukua ile ya njano, akaivaa, akamwekea mama yake sawa kola iliyokuwa imejikunja, akabeba mkoba, akatoka.